Kuezeka upya nyumba kongwe Pangani: mwongozo kamili kwa mwenye nyumba

Paa la nyumba kongwe Pangani haliuawi na mvua peke yake. Mvua huingia, lakini kinachomaliza mti ni unyevu ulioingia ukakosa pa kutokea. Mji umekaa pale ambapo mto unaotoka Kilimanjaro na Meru unamwaga maji baharini: ng'ambo ya mto ni Bweni, mbele ni chumvi ya Bahari ya Hindi, na hewa ya katikati haikauki sawasawa hata kiangazi. Bati lililoezekwa vibaya hapa huanza kutu kwenye kichwa cha msumari, kisha maji hufuata msumari hadi kwenye mbao.

Kwa hiyo mwongozo huu una msimamo mmoja. Fedha yako iende kwanza kwenye mbao, kwenye maungio ya paa na ukuta, na kwenye njia za hewa. Rangi ya bati ije mwisho. Wenye nyumba wengi hufanya kinyume: wananunua bati zuri la rangi, wanalipigilia juu ya miti iliyokwisha oza, na masika mawili baadaye wanatafuta fundi mwingine.

Ijue kwanza nyumba uliyonayo

Mjini kuna nyumba za aina mbili zinazohitaji akili tofauti.

Ya kwanza ni nyumba ya mawe: kuta nene za matumbawe na chokaa, nyingi za enzi za biashara ya pembe za ndovu katika karne ya 19 au za miaka ya mkonge iliyofuata. Juu yake kuna boriti za mikoko zilizochomekwa ukutani, na juu ya boriti paa la bati lililoongezwa au kubadilishwa mara kadhaa. Ukuta wa namna hii hunywa maji na kuyatoa polepole. Ukiuziba, maji yanabaki ndani pamoja na chumvi yake, plasta inabanduka, na vichwa vya boriti vinaoza vikiwa vimefichwa.

Ya pili ni nyumba ya Kiswahili ya miti na udongo, yenye baraza mbele na ukumbi katikati, vipaa viwili (miteremko mikubwa ya mbele na nyuma) na visusi viwili (miteremko midogo ya pembeni). Wengi wetu tunazijua zikiwa na makuti. Makuti yalipotolewa na bati likawekwa, mara nyingi makombamoyo (miti inayoshuka toka kileleni hadi ukutani) na pau (fito zinazolazwa juu yake) zilibaki zile zile. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu makuti ni mazito na yanapitisha upepo, na bati ni jepesi na linaushika. Paa lililokuwa likikandamizwa na uzito wake sasa linataka kunyanyuka, na hakuna kinachoifunga miti ile chini.

Kuna na aina ya tatu ambayo si ya kuchezea: nyumba zenye paa la asbesto, yaani mabamba ya kijivu yenye mawimbi, mazito, yanayovunjika kama kigae. Usiyakate, usiyatoboe, usiyapige brashi kuondoa ukungu, wala usimruhusu fundi ayaangushe chini. Vumbi lake huharibu mapafu na huleta saratani miaka mingi baadaye. Kabla ya kugusa, zungumza na ofisa mazingira wa halmashauri, na uliza utaratibu wa NEMC, baraza la taifa la mazingira, wa kuyaondoa na mahali pa kuyazika.

Panda darini kabla ya kumwita fundi

Ukaguzi mzuri unafanywa mara mbili: mara moja mvua inaponyesha, na mara moja jua likiwa kali.

Siku ya mvua, ingia darini na tochi. Usitazame doa lililo kwenye dari, maana maji hutembea. Yanaweza kuingia kwenye kofia ya paa, yaani bati la kileleni, yakafuata kombamoyo mita 2 au 3, ndipo yakadondoka. Anza kwenye doa, fuata unyevu kwa mkono ukipanda juu, na weka alama ya chaki mahali unapokoma. Siku ya jua, zima tochi na tazama juu: kila tundu litaonekana kama nukta ya mwanga. Weka alama tena. Alama zisizolingana zina maana yake. Penye maji bila mwanga, ujue maji yanapanda kwenye mlalo wa bati moja juu ya jingine, au yanaingia kati ya bati na ukuta.

Halafu kagua miti. Chukua bisibisi na nyundo ndogo. Gonga kila boriti na kila kombamoyo. Mti mzima hutoa mlio mkali, uliooza hutoa sauti butu. Choma bisibisi pale mti unapoingia ukutani, kwani hapo ndipo uozo huanzia. Ikizama zaidi ya sentimita 1 bila nguvu, kichwa hicho kimekwisha. Tazama pia vijia vya udongo vya mchwa vinavyopanda ukutani, na unga laini chini ya mti, ambao ni alama ya bungua, mdudu anayetoboa mbao. Mti huanza kuozeshwa na kuvu unyevu wake unapozidi kiasi cha asilimia 20, na katika nyumba isiyo na hewa darini Pangani, kiwango hicho hakihitaji tundu lolote kwenye bati. Usiku bati hupoa, mvuke wa ndani hugeuka matone chini yake, na asubuhi mbao zimelowa ingawa mvua haikunyesha.

Mwisho, shuka utazame kuta kwa nje. Ukanda wa kijani chini ya ukingo wa paa unaonyesha gata lililoziba au paa lililo fupi. Plasta iliyovimba karibu na juu ya ukuta inaonyesha maji yanashukia ndani ya ukuta.

Wenye nyumba na vibali

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayosimamisha kazi nusu. Nyumba nyingi za mji mkongwe ni za mirathi: mrithi mmoja yuko Pangani, wengine Tanga, Dar es Salaam, Unguja, hata Maskati. Pata maandishi ya wote, au ya msimamizi wa mirathi, kabla ya kutoa bati la kwanza. Kama nyumba imeungana na ya jirani na mnatumia mfereji mmoja wa katikati, kaeni naye mkubaliane nani anagharimia nini. Mfereji wa kati ukitengenezwa upande mmoja tu, maji hayatatambua mpaka wenu.

Nenda pia halmashauri ya wilaya kuulizia kibali cha ujenzi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na mengine ya baadaye yanaweza kutangazwa kuwa ya urithi, kwa hiyo uliza kama nyumba yako imo. Ukihitaji boriti mpya za mikoko, kumbuka misitu ya mikoko Tanzania ni hifadhi ya serikali. Nunua kwa muuzaji mwenye hati za Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Boriti zinazopitishwa usiku kwa ngalawa zinaweza kukamatwa zikiwa juu ya ukuta wako.

Chagua majira

Usifungue paa Machi hadi Mei, wala katikati ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Yanabaki majira mawili mazuri: Januari na Februari, joto likiwa kali na mbao zikikauka haraka, au Julai hadi Septemba. Mimi napendelea Januari, kwa sababu katikati ya mwaka kusi huvuma kwa nguvu na bati refu mikononi mwa vijana wawili juu ya paa linaweza kuwabeba. Ukilazimika kufanya kazi wakati wa kusi, anzeni alfajiri na muache upepo unapoamka.

Fungua sehemu ambayo inaweza kufungwa siku hiyo hiyo. Kipaa kimoja, kisha kingine. Turubai liwepo tayari, na si liwe la kuazimwa mawingu yakishatanda.

Kumpata fundi na kuandikiana

Mwulize fundi maswali yanayoonyesha ujuzi wake, kisha nyamaza umsikilize. "Fundi, vichwa vya boriti vilivyooza ndani ya ukuta utavifanyaje?" Akisema atavifunika na saruji, mshukuru utafute mwingine. "Utaanza kuezeka upande gani?" Anayejua atauliza kwanza upepo unatoka wapi. Mwombe akupeleke kwenye paa alilolifanya miaka 5 iliyopita, maana paa la mwezi uliopita haliwezi kukuonyesha kitu.

Andikianeni, hata kama ni ndugu. Karatasi itaje idadi ya boriti na makombamoyo yatakayobadilishwa na bei ya kila mti wa ziada utakaogundulika umeoza, kwa sababu utagundulika. Itaje unene wa bati kwa milimita, aina ya misumari, nani ananunua, nani anabeba mabaki, na mabati ya zamani ni ya nani. Hili la mwisho lina uzito: mabati ya zamani mara nyingi ni manene kuliko ya dukani leo, na yaliyo mazima yanafaa kwa jiko au banda la uani.

Kuhusu malipo, ushauri wangu ni asilimia 30 kazi ikianza, 40 mbao zikikamilika na wewe umezikagua kabla hazijafunikwa, 20 bati likimalizika, na 10 baada ya mvua kubwa ya kwanza. Fundi anayejiamini hataikataa hiyo 10.

Kununua bati bila kudanganywa

Geji inawachanganya watu. Namba inavyopanda, bati linakuwa jembamba: geji 28 kwa kawaida ni karibu milimita 0.4, geji 30 karibu 0.3, geji 32 karibu 0.25. Kwa hewa ya Pangani, bati la geji 32 liache. Chukua 28, na kama mfuko unabana sana, 30 yenye papi (mbao za kulala ambazo bati hupigiliwa juu yake) zilizokaribiana.

Maandishi yaliyopigwa kwenye bati si ushahidi. Ushahidi ni mizani. Chuma cha milimita 1 kina uzito wa kilo 7.85 kwa mita ya mraba. Laza uzi juu ya mawimbi ya bati, ukifuata kila bonde na mgongo, upate upana halisi. Tuseme ni mita 0.9, na bati lina urefu wa mita 3. Eneo ni mita za mraba 2.7. Kwa milimita 0.4, bati moja linapaswa kuwa na kilo 8.5 hivi, kwa 0.3, kilo 6.4, kwa 0.25, kilo 5.3. Pima mabati 10 pamoja kwenye mizani ya dukani, gawanya kwa 10, na utajua unauziwa nini. Muuzaji mwaminifu atakusaidia kupima.

Kuhusu aina, bati la zinki tupu halitoshi karibu na chumvi. Aluzinki, ambayo ngozi yake ni asilimia 55 aluminiamu na iliyobaki zaidi ni zinki, hustahimili zaidi. Ukiona namba AZ150, ina maana ngozi hiyo ni gramu 150 kwa mita ya mraba, pande zote mbili pamoja. Lakini aluzinki na aluminiamu vina adui mmoja ambaye katika nyumba ya mawe yuko kila mahali: chokaa mbichi na saruji mbichi. Vikigusa bati vikiwa vibichi huila ngozi yake. Basi kazi zote za kupiga lipu juu ya kuta zimalizike na zikauke kabla bati halijapanda.

Idadi ipigie hesabu mwenyewe. Kipaa cha urefu wa mita 10, kwa bati linalofunika mita 0.7 baada ya mlalo, kinahitaji mabati 15. Agiza yakatwe kwa urefu kamili wa kipaa, toka kofia hadi ukingoni pamoja na ziada ya nje. Mlalo wa katikati ya kipaa ni mahali pa maji kurudi ndani, na usipokuwepo hauwezi kuvuja.

Kazi yenyewe: umeme, kisha mbao

Kabla hajapanda mtu, ita TANESCO. Katika nyumba nyingi kongwe waya wa kutoka nguzoni umefungwa kwenye ubao wa ukingo wa paa, mkono mmoja tu kutoka kwenye bati. Kuzima meni swichi hakuuondolei umeme waya huo.

Toa bati la zamani, halafu sugua juu ya ukuta mpaka ufikie mawe yaliyoshikana. Vichwa vya boriti vilivyooza vikatwe, na boriti mpya iingie kwenye tundu lililopanuliwa, ikiwa na nafasi ya sentimita 3 hadi 5 pembeni na nyuma yake ili hewa iizunguke. Ikae juu ya jiwe bapa. Tundu lisijazwe saruji. Pakihitajika kuziba, tumia chokaa na mchanga, kama walivyofanya waliojenga nyumba hiyo. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe, hainyonyi wala haitoi maji, na itaiozesha boriti mpya kwa haraka kuliko ile ya zamani iliyodumu vizazi vitatu.

Mbao za dawa za msonobari ni sawa kwa kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) na papi, kwa sharti moja: zikauke. Dawa ile ya kijani ina shaba, na shaba iliyolowa ikigusa zinki huitoboa. Zipange kivulini kwa vipande vya kutenganisha, wiki kadhaa, kabla ya kuzipandisha, na mgongo wa kila papi upakwe rangi ya mafuta. Papi zisiachane zaidi ya sentimita 90 kwa geji 28, na 75 kwa geji 30.

Sasa funga paa chini. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na pwani nzima ikakumbushwa kwamba upepo wa namna hiyo unaweza kuja. Kila kombamoyo au kenchi ifungwe kwenye wolpleti (mbao inayolala juu ya ukuta) kwa ukanda wa chuma uliopakwa zinki, na wolpleti ifungwe kwenye ukuta kwa mikanda inayoshuka angalau sentimita 60. Kufunga kwenye jiwe la juu kabisa hakusaidii, kwa sababu jiwe hilo litaondoka na paa. Katika nyumba ya miti na udongo, ukanda ushuke mpaka kwenye nguzo yenyewe.

Kulaza bati

Anza upande ulio kinyume na upepo wa mvua. Kama mvua kali inakuja na kusi, anzia mwisho wa kaskazini ukielekea kusini, ili mdomo wa kila mlalo uupe upepo mgongo. Mlalo wa pembeni uwe mawimbi mawili kamili. Moja na nusu ni kwa mahali penye upole. Kama huna budi kuwa na mlalo wa katikati, usipungue sentimita 20. Mteremko wa kipaa usiwe chini ya digrii 15. Nyumba kongwe kwa kawaida zina zaidi, na usimkubali fundi anayetaka kulilaza paa ili aokoe mbao.

Msumari upigwe juu ya mgongo wa wimbi, kamwe si bondeni ambako maji hupita. Uwe wa zinki, wenye kofia na raba. Raba ikae, isipasuke kwa kupigwa mno. Ukingoni na karibu na kofia ya paa piga kila mgongo wa pili. Katikati kila wa tatu.

Kata kwa makasi ya bati. Mashine ya kukatia hurusha cheche za chuma moto, zinazama kwenye ngozi ya bati, na baada ya mvua chache bati jipya lina madoadoa ya kutu. Kila jioni fagia vipande na misumari iliyoanguka juu ya paa, kwa sababu hiyo hiyo.

Pale paa linapokutana na ukuta wa jirani au ukuta uliopanda juu, fanya hivi: chora mfereji mwembamba ukutani, wa kina cha sentimita 2 au 3, sentimita 15 juu ya bati. Chomeka ncha ya bati bapa lililokunjwa, lishuke juu ya mawimbi, kisha ziba mfereji kwa chokaa, ukiwa umepaka rangi ya lami ile ncha itakayogusana na chokaa. Kumwaga saruji kwenye kona, kama wengi wafanyavyo, hupasuka mwaka wa kwanza, kwa sababu bati hutanuka na jua na ukuta hautanuki. Ukitumia silikoni, inuse kwanza: yenye harufu ya siki ina asidi inayokula zinki. Tafuta isiyo na harufu hiyo.

Acha paa lipumue

Chini ya kofia na chini ya ukingo acha nafasi ya hewa, izibwe kwa wavu wa matundu madogo. Bila wavu, popo watahamia, na mkojo wao huozesha dari. Bila nafasi, mvuke unabaki. Kwa dari, bodi za jipsamu hazifai nyumba hizi. Mbao nyembamba zilizoachiana kidogo hukauka, na zinapolowa unaona doa mapema.

Gata na maji yashukayo

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa linalofunika mita za mraba 80, kwenye mvua ya milimita 50, linashusha lita 4,000. Zikishukia mguuni pa ukuta wa matumbawe, zitapanda ndani yake. Ukingo wa paa utoke nje angalau sentimita 60. Gata literemke nusu sentimita kwa kila mita, na bomba limwage mbali na ukuta, mita 1 au zaidi, au kwenye tangi. Maji ya bomba yakikatika utalishukuru tangi hilo, ila geuza bomba nje kwenye mvua ya kwanza ya msimu, ili chumvi na mavi ya ndege visiingie.

Baada ya hapo

Mara mbili kwa mwaka, Februari mwishoni na Septemba mwishoni, safisha gata, toa majani kwenye mfereji wa kati, na pitia vichwa vya misumari. Kilichoanza kutu kisuguliwe kwa brashi ya waya, kipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Msumari uliolegea ung'olewe na upigwe mnene zaidi kidogo, kwenye tundu hilo hilo. Darini rudia nyundo na bisibisi, ukianza na vichwa vya boriti vilivyo upande wa kusini, ambako mvua hupiga zaidi, na uandike tarehe kwa chaki kwenye kila mti uliougonga.